Kioo si Mlango wa Kuzimu

Watoto wengi wa Afrika Mashariki wamepata kuonywa na bibi zao wasijitazame kiooni usiku, wasije wakakutana na kisichokuwa cha dunia hii. Imani ya namna hiyo si ya Waafrika peke yao. Wayahudi wengi hufunika vioo vya nyumbani wakati wa matanga. Kadhalika huko Uingereza, katika karne ya 16, John Dee, mtaalamu wa hisabati na mshauri wa Malkia Elizabeth wa Kwanza, alimweka mtazamaji mbele ya jiwe ling'aalo akitumaini kusema na malaika.

Lau mambo haya yangekuwa ngano za jioni tu, pasingekuwa na haja ya kuyajadili. Lakini wapo waganga wapigao ramli kwa kioo. Mteja huketishwa katika chumba chenye giza na kuambiwa akodoe macho kiooni mpaka adui yake ajitokeze. Baada ya muda huona uso. Uso huo hupewa jina, nalo jina huweza kuwa la jirani au la bibi kizee. Katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga, nchini Tanzania, vikongwe wameuawa kwa tuhuma za uchawi, na ramli za uchonganishi ni miongoni mwa vyanzo vya mauaji hayo. Wengine wameshukiwa kwa kuwa na macho mekundu tu, wekundu uletwao na moshi wa kuni wa miaka mingi.

Baadhi ya wasomi hucheka na kusema kwamba mteja hakuona kitu. Jibu hilo ni kosa, kwani hapana shaka huweza kuona. Yafaa iulizwe, uso ule umetoka wapi?

Mwaka 2010 mtaalamu wa saikolojia wa Italia, Giovanni Caputo, alichapisha matokeo ya jaribio alilowafanyia watu 50. Kila mmoja alijitazama kiooni kwa dakika 10, katika chumba chenye taa hafifu ya wati 25 iliyowekwa nyuma yake. Watu 33 waliona nyuso zao zikiharibika umbo. 14 waliona mtu wasiyemjua. 24 waliona viumbe vya ajabu na vya kutisha. Watu 9 waliona uso wa mzazi. Kati ya hao, 5 walimwona mzazi aliyekwisha kufa, na 4 walimwona mzazi aliye hai. Kama kioo kingekuwa mlango wa kuzimu, hao walio hai walipitaje?

Kioo chenyewe hakifanyi zaidi ya kurudisha mwanga. Kazi iliyobaki ni ya jicho na ubongo. Mwaka 1804 Ignaz Troxler, daktari wa Uswisi, alieleza kwamba jicho likikazwa mahali pamoja, vitu vya pembeni hufifia na kutoweka. Yamkini katika giza sehemu za uso hufifia vivyo hivyo, na ubongo, uliozoea mno kutambua nyuso, hujaza mapengo kwa kumbukumbu na hofu za mtazamaji. Hivyo si ajabu kwamba aliyeahidiwa kumwona adui humwona yuleyule aliyemshuku tangu alipotoka nyumbani.

Jaribio hili halihitaji maabara. Mwalimu wa sekondari aweza kulifanya kwa kioo kidogo na mwanga hafifu, kwa wanafunzi wapendao. Kila mmoja aandike peke yake alichokiona kabla ya kuzungumza na mwenzake, kisha maandishi yalinganishwe. Mwenye hofu asilazimishwe, wala mwenye kuamini asidhihakiwe. Mwanafunzi aliyejionea jinsi kioo kimoja kinavyotoa nyuso nyingi zisizofanana, siku atakapokuwa katika mkutano wa kijiji na kusikia bibi kizee akishtakiwa kwa ushahidi wa kioo, atakuwa na neno la kusema.