Kanda ya Ami imerudi Mtongwe

Leo nataka kuwazungumzia Ami yangu wa Mtongwe, ng'ambo ya Likoni. Mzee huyu ametimiza miaka themanini na ushei, alifanya kazi katika bandari ya Kilindini mpaka akastaafu, na katika umri wake wote sijamjua kuwa na kinyongo na watu. Isipokuwa mtu mmoja, na kwa jambo moja. Mtu huyo alikuwa jirani yake, na jambo lenyewe lilikuwa kaseti.

Ami ni mpenzi wa marehemu Juma Bhalo. Nikisema mpenzi, msidhani namaanisha mtu anayemsikia redioni akatikisa kichwa. Ami alimfuata. Harusi yenye taarabu ikitajwa Kisauni, Ami yuko njiani. Ikitajwa Changamwe, yuko njiani. Nusu ya harusi hizo hakualikwa, wala hakugusa pilau ya watu. Alikwenda na redio-kaseti yake imefungwa ndani ya kikoi, pamoja na betri kubwa sita alizozianika juani kutwa nzima ili zipate uhai kidogo. Akifika mapema, kabla ya watu kutoka kuswali isha, ili apate nafasi karibu na spika. Arusi ikimalizika usiku wa manane na matatu hakuna, alikuwa akitembea kwa miguu mpaka apate mtu wa kumsaidia hadi kivukoni. Mkewe, Mola amrehemu, alipenda kusema kuwa walioolewa ni wawili, yeye na Bhalo.

Kwa vijana wasiomjua, Mohamed Khamis Juma Bhalo alikuwa mzaliwa wa Malindi aliyejijengea jina hapa Mombasa. Watu walimwita Ustadhi, na wengine Profesa. Aliacha kuimba mwaka 2007, akafariki mwaka 2014. Taarabu yake ni ile ya mahadhi ya Kihindi: kinanda, tabla, tashkota, na sauti inayopanda mpaka ukadhani haitashuka tena. Wako waliomkosoa kwa hilo. Walisema sauti kaichukua kwenye sinema za Bombay, yeye yake nini? Ami alikuwa na jawabu moja tu. Akisema, "Sawa, chungu ni cha Mhindi. Lakini kilichopikwa ndani?" Na kwa kweli maneno yalikuwa ya hapa hapa. Mengi yalitoka kwa nduguye, Ahmad Nassir Juma Bhalo, yule malenga ambaye diwani yake ya Malenga wa Mvita, iliyotolewa mwaka 1971, wengi wetu tuliisoma shuleni huku mwalimu akitutolea macho. Kwa hiyo mtu wa Mombasa alikuwa akienda harusini kusikiliza ushairi, na ushairi huo kesho yake ukijadiliwa barazani: nani amesemwa, na kwa kosa gani.

Sasa nije kwenye jambo ambalo Ami alikuwa akitufundisha kila tulipokwenda kumsalimu. Zamani nyimbo hizi zilitoka katika santuri ndogo. Mjini kulikuwa na Assanand and Sons, waliokuwa na nembo yao ya Mzuri, na taarabu nyingi ya pwani ilipita mikononi mwao. Lakini santuri ndogo upande mmoja ni dakika tatu, nne zikizidi. Utaimba beti ngapi ndani ya dakika nne? Wimbo uliingia dukani umekatwa mikono na miguu. Harusini haukatwi. Ubeti ukimchoma mtu, anainuka na noti yake kwenda kumtunza mwimbaji, mwingine naye anafuata, na mwimbaji akiona watu wanainuka anaurudia ule ubeti, anauvuta, anaugeuza. Wimbo wa dakika nne unakwenda robo saa. Tena zilikuwako nyimbo ambazo hazikuingia santurini kabisa. Ziliimbwa harusi mbili tatu, msimu ukapita, zikaachwa. Hizo ndizo zilizokuwa zikimtoa Ami roho.

Kaseti zilipoenea ndipo mambo yalipogeuka. Mji wa Kale kulikuwa na Mbwana Radio Service, duka lililojulikana kwa kanda za taarabu zilizorekodiwa hapo hapo harusini, na watu wakienda kunakiliwa. Ami alinunua huko pia, lakini zile alizozinasa mwenyewe alikuwa akiziweka mbali katika sanduku la mbao. "Ya dukani ni ya watu wote," akisema. "Hii nimeitokea jasho." Nimepata kusoma kwamba huko Marekani kulikuwa na bendi moja, Grateful Dead, ambayo kuanzia mwaka 1984 iliwatengea mashabiki wake sehemu maalumu uwanjani wasimamishe maikrofoni zao na kurekodi wapendavyo. Nilipomhadithia Ami, aliuliza kitu kimoja tu, kama sehemu yenyewe ilikuwa karibu na spika.

Kilichomuudhi Ami katika harusi ni watu. Wanaokohoa, wanaoitana, wanaoburura viti. Yeye alitaka Bhalo mtupu. Na hapa lazima niwaelezeni kidogo, maana ndiko kwenye kiini cha mkasa. Redio-kaseti za siku zile zilijirekebisha sauti zenyewe. Muziki ukiwa mkubwa, mtambo unaipunguza. Pakiwa kimya, unaiongeza. Kwa hiyo baina ya wimbo na wimbo, mtu akinong'ona kando ya redio, kwenye kanda anatoka kama yuko juu ya mimbari. Ami hakulistahamili jambo hilo. Akirudi nyumbani alikuwa akiazima redio ya pili, akinakili kanda yake kwenye nyingine, na kila nyimbo ikimalizika anabonyeza, anaruka maneno ya watu, anaanza tena ngoma inapolia. Akiisha, ile kanda ya asili anairekodia harusi nyingine, kwani kaseti ilikuwa pesa. Hivyo ndivyo sanduku zima la Ami lilivyojaa nyimbo tupu, safi, bila ya mtu hata mmoja.

Ikasalia kanda moja tu ambayo hakuwahi kuisafisha. Ilikuwa ya harusi ya shangazi yangu, Chaani, kule Changamwe, mwaka 1983. Mimi nilikuwa mtoto wa miaka kumi na mmoja, na ninachokumbuka zaidi ni taa zilizofungwa kwenye mwembe na kwamba nililala chini ya kiti. Kabla Ami hajaikalia kazi kanda hiyo, jirani alikuja kuiazima. Jirani mwenyewe alikuwa mtu wa Zein l'Abdin. Zein, kwa asiyemjua, alitoka Lamu, mpigaji udi ambaye nafikiri pwani hii haitampata tena. Alifariki mwaka 2016. Baina ya watu wa Zein na watu wa Bhalo barazani kwa Ami kulikuwa na mabishano ya usiku kucha, hawa wakisifu udi na mahadhi ya Kiarabu, wale wakisifu koo. Jirani alisema anaitaka kanda siku mbili tu, apate kumwonyesha Ami mahali ambapo Bhalo "amepotea." Siku mbili zikawa wiki. Wiki ikawa mwezi. Halafu jirani akahamia Mlaleo, Kisauni, na kanda ikahama naye.

Ami alimfuata mara mbili. Mara ya kwanza aliambiwa kanda imeazimwa na mtu. Ya pili akaambiwa imeliwa na redio. Hakwenda tena, lakini kila taarabu ilipotajwa tulijua hadithi itaishia Mlaleo.

Mwaka jana, baada ya Idi, mwanamke mmoja alipiga hodi kwa Ami. Mwalimu wa shule, mtu wa makamo, buibui lake limejaa vumbi la Likoni. Akatoa salamu, Ami akaitikia bila ya kumjua. Akasema yeye ni binti wa fulani. Babake alikuwa amefariki, na katika daftari lake la madeni, baada ya hesabu ya duka na ya fundi wa mabati, alikuwa ameandika: kanda ya Bhalo, Mtongwe. Basi yeye amekuja kulipa deni la babake. Akafungua mkoba, akaitoa imezungushiwa kitambaa.

Ami aliipokea, akaigeuza, akaisoma mwandiko wake mwenyewe. Akauliza, "Si alisema imeliwa na redio?"

Binti akainamisha uso. "Alikuwa akiisikiliza usiku, Ami. Akidhani tumelala."

Nilipofika mimi Jumapili yake, nilikuta nyumba imejaa. Mwanangu, ambaye ni mwanafunzi wa chuo, alikuwa amekuja na kompyuta yake na waya. Akasema tusiicheze kwanza. Kanda iliyokaa miaka mingi hukamatana, na pwani hii yenye unyevu huota ukungu, kwa hiyo aliizungusha polepole mwanzo hadi mwisho na kuirudisha, ndipo akaitia katika redio. Ilikuwa ya dakika tisini, na kanda za dakika tisini ni nyembamba kuliko zile za sitini, kwa hiyo kila ilipokwaruza Ami alishika moyo wake. Tukaanza.

Bhalo alitoka vizuri kuliko nilivyotarajia. Kulikuwa na mvumo, na pale kabla ya wimbo kuanza ukiusikia kwa mbali kama kivuli chake kimetangulia. Mwanangu alisema ni kwa sababu kanda imekaa imejizungusha muda mrefu, tabaka moja likaliambukiza jingine. Lakini sauti ilikuwapo, beti zilikuwapo zote, na Ami alizifuata kwa midomo bila ya kutoa neno. Kwenye wimbo wa tatu aliinua kidole. "Huu," akasema. "Huu haukutoka dukani. Tafuteni kokote." Na kwa kweli sijausikia pengine.

Wimbo ule ukaisha. Makofi. Halafu mtambo, kama nilivyowaeleza, ukapandisha sauti za watu. Tukasikia viti. Tukasikia mtoto akilia. Kisha mzee mmoja, karibu kabisa na redio, akikohoa kikohozi kirefu, akasema, "Pisheni kahawa ipite, jamani." Shangazi, ambaye ndiye bibi harusi wa siku ile na sasa ana wajukuu saba, aliweka kikombe chini. Ilikuwa sauti ya babu. Babu alifariki mwaka 1985. Tunayo picha yake moja, ya kipande, na mwanangu hakupata kumsikia katika maisha yake.

Babu kwenye kanda akakohoa tena. Akasema, "Wewe, umekula lakini? Toka jioni sijakuona ukitia kitu kinywani." Na hapo, kwa karibu zaidi, tukasikia mtu akimnyamazisha kwa mdomo. "Sss!" Tabla ikalia, wimbo wa nne ukaanza.

Hakuna aliyemtazama Ami. Mwanangu alinyoosha mkono asimamishe, nikamkonyeza aache. Wimbo wa nne ulikwenda mpaka mwisho na sidhani kama yuko aliyeusikia.

Basi kanda imenakiliwa, na nakala ziko kwa watu watatu wa jamaa, maana kuweka mahali pamoja si kuweka. Nanyi mlio na masanduku kama hayo kule Kisauni na Changamwe na kwetu Likoni, fanyeni msichelewe. Si kazi ngumu. Redio-kaseti inayofanya kazi, waya kutoka tundu la kusikilizia hadi kwenye kompyuta, na subira, kwa sababu kanda ya dakika tisini itakula dakika tisini zako, haina njia ya mkato. Vunjeni vile vijino viwili vya juu ya kaseti kwanza, isije ikarekodiwa juu yake kwa bahati mbaya. Na msianze na ile mnayoipenda sana; anzeni na isiyo na thamani, mjifunze kwayo.

Nilidhani mambo yamekwisha. Juzi mwanangu, kwa nia njema kabisa, alimpelekea Ami nakala mpya kwenye simu. Alikuwa ameipitisha katika programu ya kusafisha sauti. Mvumo umeondoka, viti vimeondoka, maneno ya katikati yamekatwa, na Bhalo ametoka mweupe kama maziwa, vile vile Ami alivyokuwa akimtaka miaka yote ile.

Ami alinipigia simu saa tatu usiku. Alikuwa amekasirika hata salamu hakutoa. Aliuliza ni nani aliyemwambia mtoto huyo aguse, na kama ile ya mwanzo bado ipo. Nikamwambia ipo, Ami, iko mahali patatu. Akanyamaza kidogo, kisha akataka nije Jumamosi nimwonyeshe namna ya kuirudisha nyuma kwenye simu, kwani kila akijaribu inaanza tangu mwanzo wa wimbo, na yeye anataka pale kabla.