Usimtwike Mwenzako Noti Yako Mbovu

Jua likishatua, vibanda vya hapa kwetu Gitothua vikajaa watu wanaotoka kazini, ndipo noti zilizochanika hutoka mifukoni. Mchana huzioni. Mnunuzi huikunja yake mara mbili, ufa ukabaki ndani, akaichanganya na noti nzima, kisha akamkabidhi mama mboga huku akiuliza bei ya dania ili macho ya mama yaende kwenye dania. Alfajiri mama huyo anaposhuka sokoni kununua mali, muuzaji wa jumla anaikunjua, anaiinua kwenye taa, anamrudishia: "Mama, hii haiendi." Faida ya sukuma wiki ya siku nzima imeishia hapo.

Ndugu zangu, jambo hili tumelizoea hata tunalichekea. Aliyefaulu kumpitishia makanga noti yenye selotepu huifikisha hadithi nyumbani kama mtu aliyeshinda kesi. Nami si msafi. Niliwahi kumlipa kijana wa bodaboda noti ya mia mbili iliyokatika katikati, usiku wa mvua, nikaingia ndani nikijiona mjanja. Ule haukuwa ujanja. Nilipanda bure, na kijana yule ndiye aliyelipa nauli yangu.

Kinachoudhi zaidi ni kwamba udanganyifu huu hauna haja. Noti ya mia ikichanika haigeuki kuwa shilingi themanini. Ipeleke benki pamoja na vipande vyake vyote, nambari zikisomeka, umwoneshe karani wa kaunta. Benki huzirudisha noti zilizochakaa kwa Benki Kuu, nazo huondolewa kwenye mzunguko. Ile iliyoungua jikoni au kugugunwa na panya ni afadhali uipeleke Benki Kuu yenyewe, barabara ya Haile Selassie, Nairobi. Usiibandike gundi wala kutupa vipande vidogo. Sheria haikupi haki ya kudai thamani ya noti iliyoharibika. Benki Kuu hukagua na kulipa kwa hiari yake, kwa hiyo kila kipande ni shahidi wako.

Najua jibu litakalokuja: nani atapoteza asubuhi nzima kwenye foleni kwa ajili ya noti ya hamsini? Ni kweli, na sikushauri ufunge kibanda kwa sababu hiyo. Lakini vyama vyetu vina waweka hazina, na mweka hazina huenda benki hata hivyo. Kila mwanachama amkabidhi noti zake mbovu, ziandikwe daftarini, ziende zote kwa safari moja. Basi nauli ya mtu mmoja itakuwa imewaondolea hasara watu ishirini.

Wapo pia wanaokataa noti isiyo na kosa. Utamsikia mwenye duka akiirudisha mia tano yenye picha ya Mzee Kenyatta, eti ilikufa. Haikufa. Iliyofutwa ni noti ya zamani ya elfu moja peke yake. Katiba ya 2010 ilikataza picha ya mtu kwenye fedha zetu, noti mpya zikatangazwa Narok Siku ya Madaraka, 1 Juni 2019, na elfu ya zamani ikapewa hadi 30 Septemba mwaka huo. Zile za 50, 100, 200 na 500 hazikuguswa.

Siku ya mwisho ilipopita, noti zipatazo milioni 7.4 zilikuwa hazijarudi. Hizo ni shilingi bilioni 7.4 zilizogeuka karatasi. Sitasema zote zilikuwa za shosho waliozificha; wengi wanaamini za wezi zilikuwemo, nami sitawalilia. Lakini atakayeweka pesa chini ya godoro au kwenye mkebe uliofukiwa shambani ajue kwamba wazee waliosema akiba haiozi hawakuwa wakizungumzia karatasi. Masika ya huku kwetu hupenya hata bati. Na ninyi vijana mnaofunga noti kwa gundi na pini ziwe shada la maua la mchumba, mwacheni mchumba apate maua, na pesa mpeni kwenye bahasha.

Kesho mkipita benki mjini Ruiru au Thika, toeni ile noti mnayoijua, ile iliyolala kwenye pochi ikingoja giza. Nawe mama wa kibanda, usione haya. Ikunjue noti kabla hujamfungia mtu mboga, hata kama wateja wamejaa, hata kama aliyekupa ni jirani yako.