Chunusi, madoa na lugha ya makopo

Nilikuwa nimetimiza umri wa miaka 43 wakati chunusi, ambazo nilidhani nilikwisha kuagana nazo nilipomaliza kidato cha nne, ziliponirudia. Zilichagua kidevu na taya, na kila moja ilipopoa iliacha doa jeusi lililodumu kuliko chunusi yenyewe. Mtu anayesimama mbele ya wanafunzi mia mbili kufundisha fonolojia, huku akijua kuwa safu ya mbele inatazama kidevu chake wala si ubao, hawezi kuambiwa kwamba hilo ni jambo dogo. Basi nikatenda kosa ambalo nadhani hutendwa na walimu na wanafunzi wengi wa nchi hii: nilikwenda dukani kabla ya kwenda kwa daktari.

Muuzaji, kijana mwenye adabu zake, alinitazama usoni akanihurumia. "Mama, hii itakurudishia rangi yako," akaniambia. "Siku saba tu." Akanipa kikopo cheupe ambacho hakikuwa na maandishi yoyote isipokuwa bei iliyoandikwa kwa kalamu. Nami, ambaye nimekula mshahara wa chuo kikuu miaka mingi kwa kufundisha maana ya maneno, sikujiuliza rangi yangu ilikuwa imekwenda wapi hata ikahitaji kurudishwa.

Krimu ile ilifanya kazi, na hapo ndipo ilipokuwa hatari yake. Baada ya siku kumi uso ulikuwa laini, na wenzangu katika idara wakanisifu. Miezi miwili baadaye, kikopo kilipokwisha, uso uliwaka kana kwamba umepakwa pilipili, na chunusi zikafumka hata mahali ambapo hazikuwahi kuwapo. Daktari wa ngozi aliyenipokea hakushangaa hata kidogo. Alinieleza kuwa dalili zangu zote zilikuwa za steroidi kali. Steroidi ni dawa yenye manufaa makubwa mgonjwa anapopewa na daktari kwa ugonjwa unaojulikana na kwa muda uliopimwa. Ikitiwa kisirisiri katika krimu za urembo, huzima uvimbe kwa siku chache, huifanya ngozi kuwa nyembamba, kisha huleta chunusi zake yenyewe.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiyatazama makopo ya dukani kwa jicho la kazi yangu, na nimeshawishika kuwa sehemu kubwa ya balaa hili ni la lugha.

Kiswahili hakikukosa maneno ya kweli kuhusu jambo hili. Tunasema "kujichubua". Kuchubua ni kuondoa ngozi ya juu, kama vile goti la mtoto linavyochubuka anapoanguka uwanjani. Jirani zetu wa Tanzania wana "mkorogo", neno lililotokana na kukoroga, na anayelisikia hujua papo hapo kwamba kuna mtu aliyechanganya vitu ndooni bila kupima. Matangazo huyakwepa maneno hayo kama ukoma. Yenyewe husema "kung'arisha", "kuhuisha", "kusawazisha rangi". Aghalabu sisi husema sufuria imeng'aa au kiatu kimeng'aa pasipo kudai kuwa kimekuwa cheupe. Kiatu cheusi hung'aa kikiwa cheusi vilevile. Katika tangazo, hata hivyo, neno hilo limekuja kuwa jina la adabu la kujichubua.

Yapo madhara makubwa zaidi ya hayo. Doa ni kitu kimoja, na rangi ya mtu ni kitu kingine. Chunusi inapovimba, chembe za ngozi zinazotengeneza melanini hushtuka zikatoa melanini zaidi ya kawaida, na hiyo ndiyo inayobaki kama doa baada ya uvimbe kutulia. Doa hilo si uchafu. Halisuguliki kwa jiwe wala kwa maji ya limau, na anayelisugua huchokoza uvimbe mwingine na kujiongezea doa la pili. Tangazo huviweka vitu hivi viwili, doa na rangi, chini ya neno moja, "weusi", na kuahidi kuuondoa. Kwa hiyo mteja aliyeingia dukani na doa la ukubwa wa punje ya dengu hutoka na dawa ya kubadili uso mzima.

Viwango vya Kenya vinakataza zebaki, haidrokwinoni na steroidi katika vipodozi, na bado vitu hivi hunaswa madukani mara kwa mara. Zebaki huweza kuharibu figo, na kwenye lebo hujificha pengine kwa jina la kalomeli. Mkataba wa Minamata ulioafikiwa mwaka 2013 uliilenga, na mkutano wa nchi wanachama uliofanyika Geneva mwaka 2023 ukakubaliana kuondoa vipodozi vyote vyenye zebaki kufikia mwaka 2025. Haidrokwinoni nayo hutumiwa na madaktari kwa muda mfupi na kwa uangalizi. Anayejipaka miaka mingi bila uangalizi huweza kupata weusi wa kibuluu usiotoka kwa urahisi. Madaktari wa Afrika Kusini waliuandika ugonjwa huo mwaka 1975 kutokana na wagonjwa waliokuwa wakijipaka krimu za kujichubua. Tazama kinaya kilichoje: mtu amenunua weupe akalipwa weusi.

Afrika Kusini hiyo hiyo ilichukua mwaka 1990 hatua ambayo mwanaisimu hawezi kuipita bila kusimama. Pamoja na kuipiga marufuku haidrokwinoni katika vipodozi, iliwakataza watengenezaji kudai kwamba bidhaa zao huchubua, hupunguza weusi wa ngozi au huifanya nyeupe. Yaani sheria iliingia ndani ya msamiati. Waliotunga kanuni hizo walifahamu kuwa sumu husafiri ikiwa imepanda neno. Lakini maneno nayo yana ujanja wake. Mwaka 2020 kampuni ya Unilever ililiondoa neno la weupe katika jina la krimu yake mashuhuri nchini India, Fair & Lovely, ikaiita Glow & Lovely. Weupe ukawa mng'ao. Aliyetaka kujua kilichomo ndani ilimbidi, kabla ya badiliko hilo na baada yake, kugeuza kifurushi na kusoma nyuma.

Nyumba njema si mlango, wahenga walikwisha kutuambia. Mbele ya kopo ni mlango. Chukua mathalani sentensi hii ambayo nimeikuta kwa namna mbalimbali kwenye chupa nyingi: "Husaidia kupunguza mwonekano wa madoa." Haisemi inaondoa, bali inapunguza. Haisemi inapunguza, bali inasaidia kupunguza. Tena kinachopunguzwa si madoa, ni mwonekano wake. Mtengenezaji amejenga nyua tatu kati yake na ahadi yake, na mnunuzi amesikia neno moja tu, madoa. Au chukua "imejaribiwa na madaktari wa ngozi". Kauli ya kutendwa ni hodari wa kuficha mambo: tumeambiwa kuwa jaribio lilifanywa, hatukuambiwa lilitoa matokeo gani.

Nyuma ya kopo kuna maandishi madogo, na huko sintaksia hurudia kuwa ya haki. Kwa desturi ya kimataifa viambato huorodheshwa kuanzia kilicho kingi zaidi. Vilivyo chini ya asilimia 1 ndivyo vinaweza kufuata mpangilio wowote. Ukiona picha ya mshubiri imejaa mbele, na jina lake limetajwa nyuma baada ya manukato, umepata habari yako. (Sisemi kwamba kidogo hakina kazi, zipo dawa zinazotenda kwa asilimia 0.1.) Na kopo lisilo na orodha kabisa, kama lile langu, lirudishwe kwenye rafu.

Mwenzangu atauliza: basi mtu anunue nini? Mimi si tabibu, nami nayaeleza haya kama nilivyoelezwa hospitalini na kuyathibitisha kwa kusoma. Dawa za chunusi zilizopimwa vya kutosha hazina mbwembwe. Ipo benzoili peroksaidi, ambayo asilimia 2.5 huweza kutosha, ingawa hutoa rangi kwenye taulo na kanga kama jiki. Ipo asidi ya salisiliki, inayozibua vinyweleo. Ipo adapalini, inayopakwa usiku, kiasi cha punje ya njegere kwa uso mzima, mjamzito aiepuke. Ipo asidi azelaiki, ambayo hutibu chunusi na kufifisha madoa pia. Hazipakwi zote kwa pamoja. Ngozi nyeusi ikichomeka kwa dawa nyingi hujibu kwa madoa, kwa hiyo mtu huanza na moja, usiku mmoja na kupumzika mwingine, na husubiri majuma manane hadi kumi na mawili kabla ya kuhukumu. Madoa yenyewe huchukua miezi, na yaliyozama chini huweza kupita mwaka. Siku saba ni za muuzaji. Mtu mzima ambaye chunusi zake zinakuja pamoja na kuvurugika kwa hedhi au ndevu kuota kidevuni amwone daktari, kwani huenda chanzo kiko kwenye homoni wala si usoni.

Jua ni sura nyingine. Tumezoea kuamini kwamba krimu ya kukinga jua ni ya watalii. Ngozi yetu ina kinga yake, ni kweli, lakini doa likipigwa na jua hukolea na kukawia kwenda. Krimu yenye herufi SPF na namba 30 huzuia takriban asilimia 97 ya miale inayounguza, na ile iliyotiwa rangi ya kahawia kwa oksidi ya chuma, ndugu ya kile kinachoupa udongo wa Kiambu wekundu wake, huzuia pia mwanga wa kawaida unaokoleza madoa ya ngozi nyeusi. Tena haituachi na weupe kama wa aliyemwagikiwa unga. Bei yake ni tatizo, nami silifichi. Kofia yenye ukingo mpana ni rahisi zaidi.

Ninalotaka kuwaambia walimu wenzangu ni hili. Lebo nyingi nilizozigeuza zimeandikwa kwa Kiingereza peke yake, ilhali Katiba ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi, na kifungu cha 46 kimempa mnunuzi haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidi bidhaa. Na darasani, tunapofundisha sajili ya matangazo katika isimujamii, tunawapa wanafunzi mazungumzo ya kubuni kuhusu muuza sabuni sokoni, wakariri sifa: lugha ya ushawishi, chuku, takriri. Wanapata alama. Jioni msichana yule yule aliyetaja chuku kwa usahihi hununua kikopo kisicho na jina, kwa fedha alizotumiwa na mzazi wake. Nimewapata wawili katika kundi langu la mwaka wa pili. Mmoja wao alikosa mihadhara kwa majuma matatu, na aliponijia ofisini alikuwa amejifunga mtandio hadi machoni. "Daktari, samahani," alisema, kisha akashindwa kuendelea. Nilimpeleka kwa daktari aliyenitibu mimi.

Muhula huu nimewaagiza wanafunzi wangu wote waje na kopo la nyumbani, la losheni, krimu au sabuni, tulichambue kama matini: nani anasema, anamwambia nani, kitenzi gani kimekwepwa, na nyuma kumeandikwa nini. Mwalimu wa sekondari anaweza kufanya hivyo kwa kipindi kimoja. Mimi nitaleta changu. Kile kikopo cheupe bado ninacho ofisini, kitupu, na bei ya kalamu haijafutika.