Kazi ya chuoni hailipi ada

Na Mwanaidi Shekue

Jumamosi nilikaa kwenye ukumbi mmoja hapa Dar es Salaam, katikati ya wazazi, tukimsikiliza wakala wa vyuo vya nje. Suti ya buluu.

Baba mmoja wa makamo akanyoosha mkono. Ada ya mwaka wa kwanza atauza shamba, je, mwaka wa pili? Wakala akatabasamu. "Mzee wangu, mwaka wa pili mtoto atajilipia mwenyewe. Kule Marekani kazi za chuoni ziko nje nje." Ukumbi ukapiga makofi. Nikasimama nikamuuliza: kazi ya saa ngapi kwa wiki? Akasema inategemea juhudi za mtoto.

Huo ni uongo, na mtu atauza shamba kwa uongo huo. Mwenye F-1, viza ya mwanafunzi, haruhusiwi kuzidisha saa 20 kwa wiki masomo yakiendelea, hata awe na juhudi za mchwa. Kima cha chini cha serikali kuu yao ni dola 7.25 kwa saa, hakijapanda tangu 2009. Yapo majimbo mengi yanayolipa zaidi, lakini kwa kima hicho ni dola 145 kwa wiki, kodi haijakatwa. Hiyo ni hela ya sabuni, vocha na koti la baridi. Ada ya chuo ni makumi ya maelfu.

Na hizo saa 20 zenyewe zinagombewa. Nafasi nyingi zimetengwa kwa mpango wa serikali yao wa kuwasaidia wanafunzi wasio na uwezo, na mgeni wa F-1 hamo. Jioni ile nilimpigia binti wa dada yangu anayesoma huko. "Mama mdogo," akaniambia, "mimi kazi nimeipata muhula wa pili, kuosha trei bwaloni. Kwanza upate barua ya ajira, ndipo uombe namba ya hifadhi ya jamii." Kisha akanisimulia wenzake waliofika na ahadi kama za huyu wakala. Ada ilipowabana wakaenda kubeba boksi nje ya chuo, usiku, bila kibali. Ikigundulika, haki ya kukaa nchini inapotea, na masomo yanaishia hapo. Shamba lilishauzwa.



Linaloniuma ni kwamba wakala anajua. Chuo hakimwandikii mtoto I-20, fomu ya kuombea viza hiyo, mpaka familia ithibitishe kwamba fedha za mwaka wa kwanza zipo. Taarifa za benki anazikusanya yeye, kwa mikono yake. Anajua wenyewe wanataka kuona pesa mezani, kisha anageuka kumwambia baba wa watu pesa zitapatikana hukohuko. Wanaofanya hivi hawasaki elimu ya mtoto, wanasaka kamisheni.

Wiki hii anakwenda Morogoro. Wazazi wa Morogoro, msimlipe kitu. Kama anaamini anachokisema, malipo yake ya uwakala ayasubiri kwa mtoto, mwaka wa pili, kutoka kwenye hizo dola 145.