Kamera Yenye Shingo Haishiki Zamu ya Mlinzi

Kila bweni linapoteketea au maabara inapovunjwa, sauti hupazwa kutaka shule zetu zitiwe kamera za usalama. Miongoni mwa zinazonadiwa sana ni zile zenye mota, ambazo huzungusha shingo zikimfuata anayetembea hadi atoweke. Wachuuzi huzisifu kama macho yasiyosinzia. Sina ugomvi na chombo hicho. Ugomvi wangu ni na mzigo tunaokitwika, kwani yamkini karo ya wazazi itanunua kitu kisichofaa mahali kilipowekwa.

Mwanafunzi wa fizikia atanielewa upesi. Kamera hiyo hulinganisha picha moja na iliyoifuata. Panapotokea badiliko, huhesabu kwamba pana mwendo, nayo mota huigeuza ielekee huko. Lakini tawi la mkaratusi linaloyumba ni badiliko pia, na buibui anayefuma utando mbele ya kioo chake vilevile. Zilizo bora zimefunzwa kumtofautisha mtu na paka, ila nazo zina uso mmoja tu. Ikimfuata anayeelekea langoni, haimwoni kamwe anayeruka ua upande wa pili. Wezi wawili hawahitaji elimu kubwa kuligundua hilo: mmoja atembee, mwenzake abebe. Na saa nne asubuhi, wanafunzi mia nane wanapomiminika kwenda kunywa chai, sijui itamfuata nani.

Hata hivyo, ina mahali pake. Maabara ya kompyuta, ghala la chakula na ofisi ya mhasibu, zikishafungwa jioni, hazipaswi kuwa na mwendo wowote. Hapo kila badiliko lina maana. Kamera hurekodi penye tukio tu, na anayetafuta ushahidi hatazami saa kumi na mbili za giza tupu. Katika uchunguzi ambao Brandon Welsh na David Farrington waliiandikia Wizara ya Mambo ya Ndani ya Uingereza mwaka wa 2002, kamera za usalama kwa jumla zilionekana kupunguza uhalifu hasa katika maegesho ya magari. Katikati ya miji manufaa yalikuwa haba. Maegesho yana mipaka na viingilio vinavyojulikana. Uwanja wa shule, aghalabu, hufanana zaidi na mji.

Linaloniumiza zaidi ni suala la moto. Mnamo Machi 2001, wavulana 67 walifariki katika bweni la Shule ya Upili ya Kyanguli, Machakos, lililomwagiwa petroli usiku. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa, na madirisha yalikuwa na vyuma. Kamera ingeweza kumrekodi aliyebeba petroli. Kufungua mlango isingeweza. Mwongozo wa usalama shuleni uliotolewa na Wizara ya Elimu mwaka wa 2008 unaagiza madirisha ya mabweni yasiwe na vyuma, na milango ifunguke kwa nje. Septemba 2024 tulizika tena, mara hii wavulana 21 wa Hillside Endarasha, Nyeri. Bodi inayojadili kamera ilhali vyuma vingali madirishani imeanza hesabu yake mwishoni.

Lipo pia la heshima ya mtoto. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019 inataka idhini ya mzazi kabla ya habari za mtoto kushughulikiwa, na mwaka wa 2023 shule moja jijini Nairobi ilitozwa faini ya Sh4,550,000 kwa kutumia picha za wanafunzi bila idhini hiyo. Bweni na bafu si mahali pa kamera, iwe na shingo au isiwe nayo. Hilo halihitaji mjadala.

Kwa walimu wakuu watakaonunua, naomba mchuuzi aulizwe mambo mawili kabla ya bei. Stima ikikatika, kamera itaendelea kwa saa ngapi? Na itakapotoa ishara saa nane usiku, simu itakayolia ni ya nani, na mtu huyo analala umbali gani kutoka bwenini, akiwa na ufunguo?