Hizo wati ni zako kweli?

Msee, programu inasema unatoa wati 320, lakini kilima cha Ngong bado unasukuma baiskeli kwa mkono? Miguu haidanganyi. Trena ndiyo inadanganya. Ukiisawazisha ikiwa baridi, ikishapata moto inakugawia wati za bure. Rola ikilegea, hivyo hivyo. Kwa hivyo jaza tairi upepo uleule kila siku, kanyaga dakika 10 kwanza, kisha ongeza kasi hadi programu iseme acha. Tulia, gurudumu lisimame lenyewe. (Haionekani kwa simu? Pengine tablet ya brathe imeishikilia Bluetooth.) Zangu zilishuka 40, nikanyamaza wiki nzima. Lakini wale niliowapita mtandaoni kwa wati hewa nao walikuwa wanatoa jasho.