Mto Rufiji uachiwe masika yake

Nilikuwa bwana samaki wilayani Rufiji hadi nilipostaafu. Tangu Bwawa la Julius Nyerere lianze kuzalisha umeme Februari 2024, nasikia watu wakisema: maji si yapo, basi na samaki watakuwepo. Nakataa. Samaki wa mto hutegemea majira ya maji kama wanavyotegemea maji yenyewe.

Kambale hutaga mto unapopanda na kuingia kwenye nyasi. Mayai hunata majanini, vifaranga hukulia humo humo kwenye maji vuguvugu yenye wadudu tele, mbali na samaki wakubwa wa mkondoni. Kuyu hutaka maji ya kasi juu ya changarawe. Perege huchimba kiota penye kina kifupi na utulivu, kisha jike huatamia mayai mdomoni. Mto unaopanda na kushuka humpa kila mmoja zamu yake. Ukisawazishwa mwaka mzima, hubaki wale wasiochagua pa kuzaa, na aina nyingine hupungua kimya kimya.

Tazama maziwa yetu ya bondeni, kama Zumbi na Ruwe. Mafuriko ndiyo huyaunganisha na mto na kuyapelekea samaki wapya. Maji yakianza kurudi, wavuvi hutega migono kwenye mifereji, na wakulima hupanda mlao kwenye tope lililobaki. Mto usipofika, ziwa hunywea na wavuvi hubaki kugombea samaki wale wale.

Mito ya Kilombero, Luwegu na Ruaha Mkuu, yote huungana juu ya bwawa. Chini yake hakuna mto mkubwa wa kutuletea masika mengine, kwa hiyo milango ya bwawa ndiyo inayoamua.

Sipingi megawati 2,115, nchi inazihitaji. Wala siombi maji kama ya Aprili 2024, yaliyosomba mashamba na nyumba za watu Rufiji na Kibiti. Naomba mafuriko ya kiasi, yafunguliwe wakati wa masika, kwa tarehe zinazotangazwa vijijini mapema ili watu wahamishe mali zao. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inatambua kwamba mazingira nayo yana fungu lake la maji.

TANESCO na Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji, njooni mketi na wavuvi wa Mloka, Mkongo na Utete kabla ya masika yajayo, mpange nao ratiba hiyo.